Mzizi Kwanza: Waya, Braketi na Torki ya Meno kwa Wagonjwa wa Kibondo na Kasulu

Mzazi wa Kasulu au Kibondo mwenye mtoto ambaye meno ya mbele yametoka nje au yamepandana hakosi wa kumshauri. Shida ni kwamba washauri hawaafikiani. Mmoja atamwambia mtoto afungwe waya tu, meno yataingia ndani. Mwingine atasema lazima kwanza yang'olewe magego madogo manne. Wa tatu ataona plati ya kuvaa na kuvua inatosha, tena ni nafuu. Akifungua simu anakutana na nyaya za urembo za rangi rangi, zinazouzwa kama pambo, biashara ambayo mamlaka za Thailand ziliipiga marufuku kwa sababu ya madhara yake. Kila jibu linatolewa kwa uhakika, na mzazi huishia kuchagua kwa kulinganisha bei.

Majibu hayo yote yanazungumzia sehemu ya jino inayoonekana mtu akicheka. Hakuna hata moja linaloeleza mzizi utaelekea wapi. Na mzizi ndio kazi yenyewe, kwa kuwa taji la jino linaweza kusogezwa na karibu kifaa chochote, hata mpira wa bei ndogo, lakini kuugeuza mzizi ndani ya mfupa kunahitaji waya wa umbo fulani, ndani ya braketi ya kipimo fulani, kwa miezi kadhaa, chini ya jicho la mtu anayejua anachofanya. Wataalamu huita mgeuko huo torki. Kwa mgonjwa anayeishi nyanda za juu za Kigoma, mbali na mabingwa wa kupanga meno, swali la torki lina uzito zaidi kuliko kwa mgonjwa wa Dar es Salaam, na uchambuzi huu unaeleza kwa nini.

Jino linavyohama

Jino halikugandana na mfupa wa taya. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba, wa takriban robo ya milimita, uliojaa nyuzi, mishipa midogo ya damu na seli. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo inayodumu, upande unaobanwa seli hula mfupa, na upande unaovutwa mfupa mpya hujengwa. Nguvu ikizidi, damu haipiti tena katika sehemu iliyobanwa, tishu za pale hufa kwa muda, na jino hukwama badala ya kuharakisha. Ndiyo maana anayedai atapanga meno kwa wiki chache kwa kukaza waya sana anaahidi kitu ambacho mwili haukikubali.

Sasa tuangalie mahali nguvu inapoingilia. Braketi, kidude kidogo chenye mfereji wa kupitishia waya, hubandikwa kwenye taji. Lakini kitovu cha ukinzani cha jino, yaani pale ambapo lingesukumwa likahama lote bila kulala, kimo ndani ya mfupa, na kwa jino la mbele la juu kiko takriban milimita 10 kutoka kwenye braketi. Daktari hawezi kukifikia. Akisukuma taji kuelekea ndani kwa nguvu peke yake, jino linalala: taji linaingia ndani, na ncha ya mzizi inakwenda upande wa pili, kuelekea mdomo wa juu. Ili jino lihame likiwa wima, nguvu ile lazima iambatane na msokoto ambao, ukipimwa kwa gramu-milimita, ni takriban mara 10 ya nguvu yenyewe ikipimwa kwa gramu. Mzizi ukitakiwa kusogea zaidi kuliko taji, uwiano unapanda hadi 12 na zaidi. Kwa jino moja la mbele la juu, msokoto unaokusudiwa huwa kati ya newtoni-milimita 5 na 20.

Msokoto huo ukikosekana, matokeo hayaonekani haraka. Miezi ya kwanza familia hufurahi, kwa kuwa meno yanaingia ndani upesi. Baadaye yanaonekana yamelalia nyuma, mdomo umebonyea, meno ya juu na ya chini hayakutani sawasawa, na mizizi imesukumwa kwenye ukuta wa nje wa mfupa, ambao kwa kawaida ni mwembamba sana. Fizi inaweza kushuka, na meno yaliyolala yana tabia ya kurudi yalikotoka. Kuyarekebisha ni kazi ndefu kuliko ile ya kwanza.

Umbo la waya

Waya wa mviringo ndani ya braketi unaweza kulivuta jino juu, chini, ndani na nje, na unaweza kulizungusha. Jambo usiloweza ni kuusokota mzizi, maana waya wa mviringo huzunguka ndani ya mfereji wa braketi bila kushika chochote. Huo ndio ukweli wa kwanza ambao mzazi angepaswa kuambiwa. Nyaya nyembamba za mviringo zinazofungwa mwanzoni ni za kunyoosha mataji, na mgonjwa anayeondoka na waya huo asirudi tena amepata sehemu ndogo tu ya tiba.

Mtu aliyelitatua jambo hili ni Edward Angle, Mmarekani aliyefungua shule ya kwanza ya fani hii mwaka 1900. Vifaa vyake vya awali viliinamisha mataji tu, na yeye mwenyewe hakuridhika navyo. Katikati ya miaka ya 1920 akatengeneza braketi yenye mfereji wa mstatili unaotazama mbele, wa inchi 0.022 kwa 0.028, sawa na milimita 0.56 kwa 0.71, na waya wa mstatili wa kuingia humo. Waya wa mstatili ukisokotwa kisha ukaingizwa mferejini, kona zake hugusa kuta za mfereji na kuulazimisha mzizi ugeuke. Nyaya zake zilikuwa za aloi ya dhahabu. Chuma cha pua kilipochukua nafasi, kikiwa kigumu kuliko dhahabu, madaktari wengi walihamia mfereji mwembamba wa inchi 0.018 ili nguvu isizidi. Mifumo yote miwili ipo hadi leo, na jambo hili litakuwa na maana tutakapofika kwenye safari za mgonjwa wa Kibondo.

Baadaye zilikuja nyaya za nikeli na titani. Aloi hiyo iligunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani alikofanya kazi William Buehler, na George Andreasen akaiingiza katika kupanga meno mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni laini, inarudia umbo lake, na inafaa sana kunyoosha meno yaliyopandana. Lakini ulaini huohuo unaidhoofisha kwenye torki. Aloi ya titani aliyoileta Charles Burstone karibu na mwaka 1980 iko katikati: ugumu wake ni chini ya nusu ya ule wa chuma, na inakunjika vizuri mkononi.

Mkono wa daktari au namba za kiwanda

Hapa ndipo kambi mbili kubwa zinapotengana. Katika mfumo wa Angle, braketi za meno yote zilikuwa sawa, na torki ilitoka mkononi mwa daktari. Alishika waya kwa koleo mbili na kuusokota kwa ajili ya kila jino, mgonjwa baada ya mgonjwa. Nguvu ya njia hii ni kwamba inamfuata mgonjwa aliyeko kitini. Udhaifu wake ni kwamba inategemea mkono uliofundishwa kwa miaka, inakula muda, na daktari mwingine akimpokea mgonjwa katikati ya tiba hawezi kujua kwa kuutazama waya nini kilikusudiwa.

Lawrence Andrews wa California aligeuza hesabu. Alikusanya sampuli 120 za meno ya watu waliojaliwa mpangilio mzuri bila kutibiwa, akazipima, na mwaka 1972 akachapisha funguo sita za mpangilio bora. Kisha akaiweka torki ndani ya braketi yenyewe: kila jino likapata braketi yake, yenye mfereji ulioinamishwa kiwandani, na waya ukabaki mnyoofu. Jino la kati la juu alilipa digrii 7. Ronald Roth akaja na digrii 12. Katika miaka ya 1990, Richard McLaughlin, John Bennett na Hugo Trevisi wakapandisha hadi 17, katika mfumo unaojulikana kwa herufi za majina yao, MBT. Kwa meno ya mbele ya chini walishuka kutoka digrii 1 ya kuelekea ndani ya Andrews hadi digrii 6.

Ukiona namba tatu tofauti kwa jino lilelile, ni haki kuuliza ipi ni sahihi. Jibu limo ndani ya mfereji.

Nafasi isiyoonekana

Waya hauingii mferejini kwa kubana kabisa. Ungebana, daktari asingeweza kuuingiza bila kuumiza. Waya wa kazi unaotumiwa sana katika mfereji wa 0.022 ni wa inchi 0.019 kwa 0.025, na kwa hesabu ya karatasi unaweza kugeuka takriban digrii 10 upande wowote kabla kona zake hazijagusa kuta. Ni sawa na bisibisi bapa iliyo nyembamba kuliko ufa wa skrubu: mkono unazunguka kwanza, skrubu bado haijasikia kitu.

Fuata hesabu hiyo kwenye jino moja. Braketi ina digrii 17. Jino likiwa limelalia nyuma, waya utalisukuma hadi kufika 17 kutoa 10, yaani digrii 7, kisha utanyamaza. Hiyo ndiyo sababu wenye MBT walipandisha namba: walitaka kulipia nafasi ya mferejini. Braketi ya Andrews yenye digrii 7, kwa waya uleule, ingeliacha jino digrii 3 upande wa kuelekea nyuma. Jino likiwa limeinama mbele sana, waya wa MBT utalirudisha hadi 17 kujumlisha 10, yaani 27, na kuliacha hapo. Kati ya 7 na 27 jino liko huru. Waya upo, braketi ipo, mgonjwa anaona chuma kimejaa mdomoni, na torki hakuna.

Katika uhalisia eneo hilo la uhuru ni pana zaidi. Vipimo vya maabara vimeonyesha mara kwa mara kwamba mifereji ya braketi nyingi ni mipana kuliko namba iliyoandikwa, na kona za waya huwa zimelainishwa. Uso wa jino nao una mviringo, kwa hiyo braketi ikibandikwa milimita moja juu au chini ya mahali pake, torki inabadilika kwa digrii kadhaa. Kisha kuna mpira mdogo wa rangi unaofunga waya kwenye braketi, ule ambao watoto hupenda kuuchagua. Mipira ya aina hii hulegea haraka, na minyororo ya mpira ya kuvutia meno hupoteza karibu nusu ya nguvu yake ndani ya saa 24 za kwanza. Waya mwembamba wa chuma wa kufungia haupendezi hivyo, lakini unaushikilia waya mkuu ndani ya mfereji kwa miezi.

Kwa haya yote, namba ya braketi isipewe heshima isiyo yake. Kilichoandikwa kwenye kasha ni mwanzo wa hesabu. Matokeo yanategemea unene wa waya uliomo, namna ulivyofungwa, mahali braketi ilipobandikwa na mwinamo ambao jino lilianza nao.

Meno ya nani yalipimwa?

Hoja nzito dhidi ya braketi za kiwandani kwetu ni kwamba sampuli za Andrews zilikusanywa Marekani. Hazikukusanywa ili ziwakilishe watoto wa Afrika Mashariki. Utafiti wa Sunil Kapila juu ya watoto wa Kikikuyu nchini Kenya, uliochapishwa 1989, ulionyesha kile ambacho daktari wa hapa anakiona kila siku: meno ya mbele ya juu na ya chini huinama mbele zaidi kuliko vipimo vya Wazungu vinavyofundishwa vitabuni, na uso unabaki mzuri na wenye uwiano. Kumlazimisha mtoto kama huyo afuate namba za watu wengine ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Kutokana na hoja hiyo wapo wanaosema: basi tuchague braketi za torki ndogo, kwa kuwa meno yetu tayari yameinama. Inaonekana ni mantiki nzuri, lakini inafaa nusu ya wagonjwa tu. Mtoto ambaye meno yake yamepandana kidogo na hayang'olewi, akifungwa braketi ya digrii 17, yuko katika hatari ya meno kusukumwa mbele zaidi, na kwake torki ndogo ni busara. Kwa mgonjwa ambaye mdomo wake haufungi vizuri kwa sababu meno ya juu na ya chini yametoka nje sana, na magego madogo manne yameng'olewa ili meno ya mbele yarudi nyuma, mambo yanageuka. Meno yake yanaanza yakiwa yameinama mbele, na wakati wa kurudishwa yanapita ndani ya lile eneo la digrii 20 bila kizuizi. Kinachoyazuia yasilale kupita kiasi ni kikomo cha chini. Braketi ya digrii 17 inaweka kikomo hicho kwenye 7. Braketi ya digrii 7 inakiweka chini ya sifuri. Huyu, pamoja na meno yake ya Kiafrika yaliyoinama, ndiye anayeihitaji torki kubwa.

Uamuzi wa kung'oa kwa hiyo hautengani na uamuzi wa braketi, na mshauri anayesema "ng'oa manne" bila kueleza mizizi italindwaje ametoa nusu ya ushauri.

Tukiri pia kwamba si kila mpangilio usiolingana na kitabu unahitaji waya. Mtaya na wenzake walichunguza wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika Kinondoni na Temeke, na matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha asilimia 63.8 wana angalau hitilafu moja ya mpangilio. Asilimia 21.9 walikuwa na nafasi za milimita 2 au zaidi kati ya meno, na asilimia 16.1 meno ya mbele hayakukutana. Namba hiyo ya kwanza inashtua mpaka ukumbuke kwamba mwanya, ambao kitabu kinauhesabu kama hitilafu, hapa kwetu ni sifa ya uzuri. Mwanya usiomsumbua mwenyewe hauna sababu ya kufungwa. Meno yasiyokutana kiasi kwamba mtoto hawezi kukata tonge la nyama ni jambo jingine.

Njia nyingine, kwa ufupi

Raymond Begg wa Adelaide, Australia, aliyesoma kwa Angle, alifuata njia yake: aliyaacha mataji yalale haraka kwa nyaya nyembamba za mviringo, kisha mwishoni akaisimamisha mizizi kwa springi za ziada. Nguvu zake ni ndogo na meno huhama upesi, lakini hatua ya mwisho ni ndefu na ngumu, na mgonjwa akiacha tiba kabla ya kuifikia anabaki na meno yaliyolala. Kwa anayeishi mbali sioni sababu ya kumwingiza humo.

Plati ya kuvaa na kuvua huinamisha taji tu. Pale ambapo tatizo ni taji moja lililouma nyuma ya meno ya chini, kwa mtoto wa miaka 8 au 9, inatosha kabisa na ni tiba nzuri. Kuiagiza kwa meno yaliyotoka nje kwa sababu ya mifupa na mizizi ni kumnunulia mtoto muda wa kukata tamaa. Vifuniko angavu vya plastiki vinavyotangazwa sana vina udhaifu wa aina hiyohiyo: plastiki inashika taji, na mzizi unausikia kidogo.

Braketi zinazojifunga zenyewe, bila mpira, ziliuzwa kwa ahadi ya miadi michache na tiba fupi. Tafiti zilizolinganisha hazikuthibitisha tofauti kubwa ya muda, na zile zenye mlango usioukandamiza waya zinauacha uzunguke kwa uhuru, kwa hiyo torki haiimariki. Bei yake haiwezi kuhalalishwa kwa jambo hili.

Umbali nao ni sehemu ya tiba

Nyaya za kupanga meno kwa kawaida hukaguliwa kila wiki 4 hadi 8, kwa miezi 18 hadi 24 au zaidi. Mabingwa wa kazi hii nchini ni wachache na wamejikusanya miji mikubwa, hasa Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Muhimbili kinafundisha tiba ya meno. Ujenzi wa lami katika barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu umepunguza adha ya safari, lakini kutoka Kibondo hadi Mwanza au Kigoma mjini na kurudi bado ni siku za kazi zilizopotea, nauli ya watu wawili na mahali pa kulala. Mvua za masika, msimu wa kuvuna maharage, mitihani ya shule ya bweni: kila kimoja kinaweza kuigeuza miadi ya wiki 6 kuwa ya miezi 4. Kwa familia zilizoko katika kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu iliyofunguliwa 1996, kutoka kwenyewe kunahitaji kibali.

Swali la maana kwa eneo hili kwa hiyo ni hili: mgonjwa akichelewa miezi 4, kifaa kilichomo mdomoni kitafanya nini?

Waya mnyoofu wa chuma wa mstatili ndani ya braketi za kiwandani una tabia njema hapa. Ukishaifikisha mizizi kwenye kikomo chake, unanyamaza. Mgonjwa akichelewa anapoteza muda tu. Waya uliosokotwa kwa mkono kwa digrii nyingi huendelea kusukuma hadi msokoto uishe, na kama daktari alizidisha akitegemea kumwona mgonjwa baada ya mwezi, mzizi unaweza kufika kwenye ukuta mgumu wa mfupa. Hapo hatari ya ncha ya mzizi kuliwa na kufupika inaongezeka, na torki ya meno ya mbele ya juu inajulikana kuwa miongoni mwa misogeo inayochangia sana hilo. Waya wa nikeli na titani uliopindwa kiwandani ili kushusha meno yaliyozidi kufunikana ni wa kuogopa zaidi: ukiachwa bila kukaguliwa huendelea kuyasukuma meno ya mbele nje. Mnyororo wa mpira nao, ukiwa kwenye waya mwembamba, hulaza meno ndani ya nafasi iliyong'olewa, kisha huishiwa nguvu na kuacha kazi katika hali mbaya.

Kuna na vyakula. Muwa unaomenywa kwa meno, mahindi ya kuchoma, mifupa na karanga ngumu hubandua braketi. Braketi moja ya jino la mbele ikibanduka Kasulu na mgonjwa asirudi kwa bingwa miezi mitatu, jino hilo halina torki miezi mitatu, na majirani zake wanabeba mzigo. Mtoto aambiwe muwa hukatwa kwa kisu vipande vidogo, mahindi hupukuchuliwa.

Tabibu wa meno aliyeko hospitali ya wilaya hakufundishwa kusokota waya, na hapaswi kusukumwa kufanya hivyo. Lakini anaweza kukata ncha ya waya inayochoma shavu, kufunga upya waya uliotoka kwenye braketi, kusafisha fizi, na kumpigia simu bingwa. Kazi hizo ndogo ndizo zinazoamua kama tiba iliyoanzia Dar es Salaam itafika mwisho. Na kuna kazi kubwa zaidi iliyo ndani ya uwezo wake kabisa: kuziba meno ya utotoni yasing'olewe mapema na kuacha mengine yakajipenyeza, kumsaidia mtoto aache kunyonya kidole kabla meno ya mbele ya kudumu hayajaota, na kupinga imani ya meno ya nailoni. Imani hiyo, iliyosambaa sehemu mbalimbali za Tanzania tangu miaka ya 1980 na kuelezwa na Kikwilu na Hiza katika utafiti wa 1997, huwafanya watu wachimbe ufizi wa mtoto mchanga kutoa vichipukizi vya chonge. Chipukizi la chonge ya kudumu linaweza kuharibiwa humohumo, na hakuna braketi inayoweza kulipa torki jino ambalo halikuota.

Kupima

Nikiziweka njia zote mizanini kwa ajili ya mgonjwa wa Kibondo na Kasulu, naegemea braketi za kiwandani za mfereji wa 0.022 na waya wa chuma wa mstatili, uliofungwa kwa waya mwembamba badala ya mpira, namba ya torki ikichaguliwa kwa kila mgonjwa kulingana na kama meno yatang'olewa au la. Njia ya mkono inaweza kutoa matokeo bora mikononi mwa bingwa anayemwona mgonjwa kila mwezi. Kwa mgonjwa anayechelewa, sifa ya kunyamaza kwa wakati ina thamani kuliko usahihi wa digrii 2 au 3. Msokoto wa mkono ubaki kwa jino moja moja mwishoni, na ufanywe wakati ambao mgonjwa ana hakika ya kurudi, kwa mfano mwanzoni mwa likizo ya Juni au Desemba anapoweza kukaa kwa ndugu mjini.

Ninachokiacha katika uamuzi huu kinajulikana. Eneo la digrii 20 bado lipo, na baadhi ya wagonjwa watamaliza na meno yaliyopungukiwa digrii chache za torki. Hilo ni pungufu ninaloweza kulikubali. Siwezi kukubali mizizi iliyofupika kwa sababu barabara ilijaa maji.

Kwa familia ambayo haina hakika ya nauli ya miezi 24, ushauri wangu ni kusubiri. Meno ya mbele yaliyotoka nje yanaweza kutibiwa mtoto akiwa na miaka 12, akiwa na 17, au akiwa mtu mzima mwenye kipato chake. Magego madogo manne yakishang'olewa na tiba ikaachwa njiani, hayarudi.

Na anayeanza tiba aombe kadi iliyoandikwa mambo manne: mfereji wa braketi ni 0.018 au 0.022, aina ya braketi na digrii zake, waya ulioko mdomoni sasa na tarehe uliyofungwa, na picha ya eksirei ya fuvu kwa upande iliyopigwa kabla ya kuanza. Mgonjwa wa Kibondo anaweza kuanzia Dar es Salaam, akahamia Mwanza shuleni, akamalizia Kigoma. Waya wa mfereji mmoja hauingii, au unalegea kabisa, katika mfereji mwingine, na daktari wa pili asiye na kadi hiyo atalazimika kukisia, au kubandua braketi zote na kuanza upya kwa gharama ya mzazi.